Shajara ya mradi: Kupanga upya betri za sola, nyumba ya Kibosho

Jumatatu: ukaguzi

Nyumba iko Kibosho, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, migomba na kahawa pande zote. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Mfumo wake wa sola ulifungwa na fundi mwingine na kwa muda umemfaa: TANESCO ikikatika, friji inaendelea, taa zinawaka, pampu inavuta maji. Ameniita kwa sababu pampu ikiwaka, koridoni kunatoka harufu ya plastiki iliyopata moto, na wajukuu wake wanalala upande wa pili wa ukuta huohuo.

Nilichokuta: betri nne za N200, za maji, volti 12 kila moja, zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili inayofunga barabara. Juu ya betri, ndani ya kabati hilohilo, zimetundikwa inveta ya wati 3,000, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa TANESCO, na kontrola ya chaji, inayodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Kebo ya kutoka betri hadi inveta ni ya milimita za mraba 16, mita mbili kwenda na mita mbili kurudi. Ganda lake karibu na inveta limegeuka kahawia na kukakamaa. Kati ya betri na inveta hakuna fyuzi, hakuna breka, hakuna swichi. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye daftari la kazi, maana mengine yote yanafuata baada yake.

Mwalimu aliniuliza swali zuri. "Mwanangu, volti 12 zitamfanya nini mtu? Si ni zilezile za kwenye gari?"

Ni kweli hazimpigi mtu. Ngozi kavu haipitishi umeme wa maana kwa volti 12; unaweza kushika taminali zote mbili kwa mikono na usisikie kitu. Ndiyo maana watu wanaiogopa soketi na kuizoea betri. Ila hatari ya betri iko kwenye ampea. Ukinzani wa ndani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, kwa betri kubwa kama hizi ni miliomu chache tu. Chukua miliomu 4: volti 12.6 ukigawa kwa 0.004 unapata zaidi ya ampea 3,000 kwa betri moja iliyopigwa shoti, na hapa ziko nne zikisaidiana. Mafundi wa mageti huchomelea chuma kwa ampea mia na kitu. Spana ikiangukia taminali mbili za benki hii, yaani betri zote kwa pamoja, inawaka nyekundu, madini ya risasi ya taminali yanayeyuka, na betri inaweza kupasuka kabla mtu hajapata wazo la kuitoa.

Jambo la pili nililomweleza ndilo ninalolishikilia kuliko yote katika kazi hii: betri haizimwi. Umeme wa TANESCO unaweza kukatwa kwenye meni swichi, ukakatwa kwenye nguzo, ukakatwa kwenye transfoma. Paneli zinalala jua likizama. Betri iko hai tangu kiwandani, hata ikiwa juu ya kaunta ya duka, hata ukiwa umezima kila kitu nyumbani na kwenda kanisani. Kitu pekee kinachoweza kusimama kati yake na mbao za hilo kabati ni fyuzi, na hapa fyuzi haikuwepo.

Kabla sijaondoka tulikubaliana mambo matatu: pampu isiwashwe kwa inveta, milango ya kabati ikae wazi usiku na mchana, na wajukuu wahamie chumba cha mbele.

Jumanne: kuibomoa benki ya zamani

Hatukugusa nati yoyote kwanza. Tulizima mizigo, tukazima inveta, tukakata paneli, tukafungua madirisha ya korido na kuacha hewa ipite. Betri za maji zikikaribia kujaa, umeme unaoingia huanza kuyavunja maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Hidrojeni inawaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na inaendelea kuwa hatari hadi asilimia 75. Ni nyepesi kuliko gesi nyingine zote, kwa hiyo inapanda na kukusanyika juu. Ndani ya kabati hili, juu ndiko inveta ilikokuwa, na inveta ina rilei, swichi zake za ndani, zinazotoa cheche kila inapobadili kati ya TANESCO na betri.

Nilipiga hesabu ubaoni ili kijana ninayefanya naye kazi aione. Kila ampea moja ya chaji ya ziada kwa saa moja inatoa karibu lita 0.42 za hidrojeni kwa kila seli, yaani kila chumba kidogo ndani ya betri. Betri ya volti 12 ina seli sita. Ampea 10 za ziada zinazoingia kwenye benki yote ni 10 mara 6 mara 0.42, yaani lita 25 kwa saa. Kabati lina ujazo wa lita kama 600. Asilimia 4 yake ni lita 24. Mbao zina nyufa na gesi inavuja, hilo nalikubali, lakini nyumba haiwezi kutegemea nyufa.

Kijana alikuwa na pete ya ndoa. Nilimwambia aivue.

"Kaka, hii haijatoka tangu siku ya kanisa."

"Basi leo itatoka, au leo utafanya kazi ya juu ya paa."

Ilitoka kwa sabuni. Pete ikikutanisha spana na taminali inapata moto ikiwa kidoleni na haivuliki. Saa ya chuma na mkufu ni hivyohivyo. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu nimewaona mafundi wazuri, wenye mikono safi kabisa, wakiinama juu ya betri na mkufu unaning'inia.

Spana tulizivalisha utepe wa umeme mpini mzima, tukabakiza mdomo tu. Taminali ambazo zamu yake ilikuwa haijafika tulizifunika kwa vipande vya tyubu ya gari. Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, ndoo mbili za maji safi, na magadi ya kuokea ya kupoza asidi ikimwagika. Asidi ikiingia jichoni ni maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Si kupuliza, si kupangusa kwa leso.

Tulianza kufungua upande wa hasi, kwa sababu hasi ya mfumo huu ilikuwa imeungwa na ethi, yaani waya wa ardhini. Ukifungua hasi na spana ikagusa chuma, hakuna kinachotokea, na hasi ikishatoka, hata chanya ikigusa chuma hakuna mzunguko unaokamilika. Ukianza na chanya umejitega.

Kila betri ina karibu kilo 50. Tulizibeba wawili wawili, zikiwa wima, tukaziacha barazani zipumzike kila moja peke yake. Jioni ndipo tulipopima. Tatu zilisoma kati ya volti 12.5 na 12.6. Ya nne ilisoma 10.4. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, ikaonyesha sababu: seli moja ya betri hiyo ilisoma 1.100 wakati wenzake walikuwa juu ya 1.240. Seli imekufa.

Hapa kuna somo ambalo wengi hawalijui. Zikiwa zimefungwa sambamba, betri zote nne zinasoma volti sawa. Multimita haiwezi kukuonyesha ipi mgonjwa. Kontrola ikawa inapeleka volti 14.4 kama kawaida, lakini kwenye ile mbovu seli tano zikawa zinagawana volti zilizopaswa kugawanywa kwa sita. Hiyo ni karibu volti 2.9 kwa seli, ambapo 2.4 tu inatosha kuianzisha gesi. Ndiyo maana seli hizo tano maji yalikuwa yameshuka hadi sahani zikaonekana, na ubavu wa betri umevimba. Usiku, jua lisipokuwepo, tatu nzima zilikuwa zikimwaga umeme wao ndani ya mgonjwa. Kama kila betri ingekuwa na fyuzi yake, mgonjwa akifika mahali pa kupiga shoti ndani, fyuzi ingemtenga. Zilikuwa zimeungwa kwa vipande vya kebo tupu.

Jumatano: uamuzi

Mwalimu alipendekeza tununue N200 moja mpya tuiweke badala ya mbovu. Nilikataa, na nilimweleza kwa nini, kwa sababu ni pesa yake na ana haki ya kujua. Betri mpya na za zamani hazina ukinzani sawa wa ndani. Mpya inabeba mzigo mkubwa kuliko wenzake, inachoka kabla ya wakati, na zile za zamani zinaendelea kuchajiwa vibaya. Benki hununuliwa pamoja na hustaafishwa pamoja.

Lakini shida kubwa zaidi ya mfumo huu ni volti 12 zenyewe. Pampu, friji na taa pamoja ni wati kama 1,200. Kwa volti 12, ukihesabu upotevu wa inveta, hizo ni ampea 111. Kebo ya milimita 16 yenye mita nne ina ukinzani wa miliomu 4.6. Joto ni ampea mara ampea mara ukinzani: wati 57 zinageuka moto ndani ya kebo na kwenye viungo vyake. Mzigo uleule kwa volti 48 ni ampea 28, na kwenye kebo ileile joto ni wati tatu na nusu. Umeme ukipungua mara nne, joto linapungua mara kumi na sita. Na inveta ya wati 3,000 ikifanya kazi kwa ukomo wake kwa volti 12 inadai zaidi ya ampea 270. Naamini kabisa kwamba nyumba yenye pampu haipaswi kuendeshwa kwa volti 12.

Mwalimu ameamua: betri moja ya lithiamu chuma fosfeti, volti 51.2, saa-ampea 100, yaani kilowati-saa 5.12, na inveta mpya ya volti 48 ya wati 3,000.

Alisema, "Kwa hiyo sasa hakuna gesi, hakuna asidi, tumepona."

Gesi ya kila siku na asidi, ndiyo, zimeondoka. Ampea hazijaondoka. Betri hii ina ukinzani mdogo sana na inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwenye shoti. Ndani yake kuna bodi inayoilinda, ile wanayoiita BMS. Inakata seli zikizidi volti 3.65 au zikishuka sana, na inakata ampea zikipita kiasi. Ni kifaa kizuri. Lakini inakata kwa transista, swichi ya kielektroniki, na transista ikiharibika mara nyingi hubaki imefunga, umeme unapita. Kuna wauzaji wanaomwambia mteja fyuzi haihitajiki kwa sababu betri ina BMS. Hapana. BMS inailinda betri dhidi ya matumizi mabaya. Fyuzi inailinda nyumba dhidi ya betri.

Alhamisi na Ijumaa: kutafuta fyuzi

Sikutegemea sehemu hii ingechukua muda kuliko kufunga kwenyewe.

Hesabu kwanza. Wati 3,000, betri ikiwa imeshuka hadi volti 44, ufanisi wa inveta asilimia 90: ampea 76. Ongeza robo kwa ajili ya kazi ya mfululizo: 95. Fyuzi ya 100. Kebo nimechagua ya milimita za mraba 35, inayobeba zaidi ya ampea 120 bila shida. Mpangilio huu una mantiki yake: mzigo uwe chini ya fyuzi, na fyuzi iwe chini ya kebo. Kazi ya fyuzi ni kuhakikisha kuwa kebo haigeuki waya wa hita. Anayeweka fyuzi ya 250 kwenye kebo ya 16 "ili isikatike-katike" amefunga pambo.

Dukani Moshi mjini, duka la kwanza lilinipa breka ya kawaida ya nyumbani, imeandikwa C63, volti 230/400. Ni ya AC, umeme unaobadili mwelekeo kila mara. Umeme wa TANESCO, kwa hertz 50, unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka ikifunguka, cheche inayoruka kati ya midomo yake inakosa nguvu kwenye sifuri na kuzimika. DC, yaani umeme wa betri na paneli, haina sifuri. Cheche ikishashika inaendelea kuwaka, inayeyusha shaba, inawasha ganda la breka. Breka ileile inayookoa maisha upande wa AC inaweza kuwa chanzo cha moto upande wa betri.

Duka la pili lilikuwa na breka za DC. Nilizigeuza nikaona alama za jumlisha na toa pembeni mwa skrubu. Hizo zina mwelekeo: sumaku yake ya ndani inaisukuma cheche upande wa kuizimia ikiwa tu umeme unapita upande ulioandikwa. Kwa paneli zinafaa, maana umeme wa paneli unaenda upande mmoja. Kwenye betri umeme unaingia mchana na kutoka usiku, kwa hiyo nusu ya maisha yake breka hiyo ingekuwa imefungwa kinyume. Nikaziacha.

Duka la tatu, fyuzi za ANL, zile bapa za redio za magari. Ampea 100, bei nzuri. Ubavuni kwa maandishi madogo: volti 32 DC. Betri yetu ikijaa inafika volti 58.4, seli 16 mara 3.65. Fyuzi ya volti 32 itayeyuka, ndiyo, lakini haijathibitishwa kuwa itaizima cheche ya volti 58. Muuzaji alinisihi sana. "Fundi, kila mtu anachukua hizi na hakuna aliyerudi kulalamika." Sikuona sababu ya kubishana naye. Kwenye fyuzi kuna namba tatu na wengi husoma ya kwanza tu: ampea za kawaida, volti za DC, na ampea za juu kabisa inazoweza kuzikata bila kupasuka. Hiyo ya tatu ndiyo inayohusu lithiamu.

Tuliagiza Dar es Salaam fyuzi ya Class T, ampea 100, yenye uwezo wa kukata ampea 20,000 za DC, pamoja na kishikio chake chenye kifuniko. Imekuja na basi. Bei yake ilimfanya Mwalimu anyamaze kwa muda, halafu akauliza kama itakaa miaka. Ikifungwa vizuri inakaa kuliko betri. Nimemshauri anunue na ya akiba iwekwe stoo, kwa sababu fyuzi ikikatika usiku na ya akiba hakuna, mtu atatafuta kipande cha waya.

Nilipokuwa mjini nikanunua na kebo. Nilikwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa. Kebo moja ilikuwa nyekundu juu na nyeupe ndani: aluminiamu iliyopakwa shaba, inauzwa kwa jina la shaba. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo "35" yake haibebi anachobeba 35 wa shaba, na kwenye lagi, kile kiungo kinachobanwa mwisho wa kebo, inalegea. Kebo ya mashine ya kuchomelea, shaba tupu yenye nyuzi nyembamba, ndiyo niliyochukua. Inapinda vizuri na haivunjiki kwenye kona.

Jumamosi: stoo na kufunga

Kabati la korido limebaki na mashuka. Betri mpya imekwenda stoo ya nyuma, ukuta wa matofali, sakafu ya saruji, mlango unaofungwa kwa ufunguo na unaotoka nje moja kwa moja. Hatukutaka iwe kwenye njia ambayo watu watakimbilia usiku kukiwa na moto. Paa ni mabati, na Januari hadi Machi stoo kama hii inaweza kupika. Tumefunga dari ya mbao nyembamba, tundu la hewa chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, zote na wavu wa kuzuia panya. Betri iko juu ya fremu ya chuma iliyofungwa ukutani, iliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya maji ya masika. Inveta iko pembeni yake, si juu yake. Magunia ya mahindi na galoni ya mafuta ya taa vimehamia kwingine. Hapo Mwalimu alitaka kujadiliana kuhusu mahindi, nilishikilia.

Fyuzi imefungwa kwenye chanya, kipande cha kebo cha urefu wa kiganja tu kutoka taminali. Sehemu ya kebo iliyo kati ya betri na fyuzi ndiyo pekee isiyolindwa na kitu, kwa hiyo inatakiwa iwe fupi kadiri inavyowezekana na ivishwe mpira wa ziada. Baada ya fyuzi inafuata swichi kubwa ya kukatia ya DC, kisha inveta.

Lagi zimebanwa kwa pampu ya haidroli yenye taya za pembe sita. Nyundo na bisibisi bapa haziruhusiwi kwenye kazi yangu. Lagi iliyogongwa inaonekana imeshika siku hiyo, halafu inapata moto, inapoa, inatanuka, inasinyaa, mwaka haujaisha inacheza. Kwenye boliti, lagi inagusa taminali moja kwa moja, shaba kwa shaba. Washa, kile kipete bapa cha chuma, inakaa juu ya lagi, chini ya nati. Nati zimekazwa kwa spana ya kupima nguvu, kulingana na kipimo cha mtengenezaji wa betri, kisha nikachora mstari wa rangi kutoka nati hadi lagi ili ikilegea ionekane kwa macho.

Kabla ya kuunganisha inveta nilipima chanya na hasi kwa multimita, nikamwita kijana naye apime, tukalinganisha. Kugeuza nyaya kwenye volti 48 kunaiua inveta papo hapo. Halafu kuna kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda: ndani ya inveta ziko tupu, na ukifunga betri ghafla zinavuta umeme wote kwa mkupuo, cheche kubwa inaruka na kuila midomo ya swichi. Tulizijaza kwanza kwa kupitia rezista ya omu 33 kwa sekunde chache, ndipo tukaisukuma swichi. Haikutoa hata mlio.

Paneli mwisho. Kwenye mfumo wowote wenye kontrola, betri inaanza, paneli zinafuata. Wakati wa kuzima ni kinyume chake. Paneli hizi zimefungwa mfululizo na zinatoa zaidi ya volti 100, hizo si za kushikwa kwa mkono, na plagi zake hazichomolewi mzigo ukiwa unapita. Fremu za paneli na ganda la inveta zimeungwa kwenye fimbo ya ethi, na kikinga radi kimewekwa upande wa DC. Mvua za mlimani haziji kimya. Chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya TANESCO na inveta, ilikuwepo tayari na ni nzima: haiwezekani inveta kurudisha umeme kwenye laini ikampata fundi aliye juu ya nguzo.

Jumatatu: majaribio

Tuliwasha pampu, friji na taa zote. Ampea 28 kutoka betri, kama hesabu ilivyosema. Nilipima volti zinazopotea kwenye kila kiungo, ncha moja ya multimita kwenye boliti na nyingine kwenye lagi. Viungo vingi vilisoma milivolti 2 au 3. Kimoja, kwenye swichi ya kukatia, kilisoma 19. Mkono haukuhisi joto lolote hapo. Lakini milivolti 19 kwa ampea 28 ni karibu miliomu 0.7, na kwa ampea 76 kiungo hicho kingekuwa kinatoa wati nne mfululizo ndani ya kiboksi kidogo cha plastiki. Tulizima yote, tukafungua. Swichi ilikuja kutoka kiwandani na washa ya chuma chini, kati ya shaba na lagi. Tuliihamisha juu. Kikasoma 3.

Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya multimita ya kawaida, na sijui kingine kinachokuonyesha moto mapema namna hiyo.

Jumatano: makabidhiano

Mwalimu ameandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo: zima mizigo, zima inveta, kata paneli, kata betri. Chini yake, Zimamoto 114. Tumefanya zoezi mara kadhaa, yeye na mjukuu mkubwa, mpaka mjukuu akaweza kuisoma na kuifanya bila kuniangalia. Kizima-moto cha poda kavu kimetundikwa nje ya mlango, si ndani, kwa sababu stoo ikiwaka hakuna atakayeingia kukichukua. Nimewaambia pia kwamba betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi si kazi yao kuizima: wote watoke, wasivute ule moshi, wapige simu.

Betri za zamani bado ziko barazani. Jirani mmoja alimshauri amwage asidi ili aziuze nyepesi. Chini ya nyumba kuna mfereji unaonywesha vihamba vya watu wengi, na asidi hiyo ina risasi ndani yake. Zitaondoka zikiwa nzima, wima, kwa mnunuzi wa betri chakavu, na taminali zimefungwa utepe, kwa sababu hata hizi tatu zilizochoka bado zina volti 12.5.

Yaliyobaki: kupima ukinzani wa fimbo ya ethi udongo ukiwa mkavu, kukaza na kukagua mistari ya rangi kwenye nati baada ya mwezi mmoja wa joto na baridi, kubadilisha kitasa cha stoo kinachofunguka kwa kusukumwa, na fyuzi ya akiba, ambayo Mwalimu amesema italipwa pensheni ikiingia.